Kumzika Mama Laivu

Mama alipofariki, dada yangu aliniomba kitu kimoja tu: nisimzike mama bila yeye. Yeye alikuwa Amerika, mimi Kasulu, na mama alikuwa mochwari pale Kabanga akisubiri kupelekwa nyumbani Kumsenga. Alilisema hilo kwa sauti iliyokauka, halafu akakata simu kabla sijajibu. Ananijua. Alijua akinipa nafasi ya kujibu nitaanza kumweleza matatizo.

Na matatizo yalikuwepo. Karatasi zake za huko zilikuwa bado zinashughulikiwa. Akitoka, hakuna aliyemhakikishia kwamba ataruhusiwa kurudi, na huko ana mume na watoto wanaosoma. Aliolewa na kijana wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na ukoo wa mumewe ukapata safari ya Amerika kabla kambi haijafungwa. Mama alimsindikiza mpaka kwenye basi. Tangu siku hiyo hawakuonana tena ila kwenye kioo cha simu, mama akiishika karibu na uso kiasi kwamba dada alikuwa anaona tundu za pua na kidevu basi. Wakati huo nilikuwa nawacheka wote wawili.

Sisi ni watu wa asili ya Burundi, Watanzania wa siku nyingi sasa, na mtoto wa kwanza tunamwita imfura. Imfura ana kazi zake, na nyingine ni nzito. Jeneza likishashushwa, udongo wa kwanza ni wake. Hakuna anayegusa udongo kabla yake, awe mchungaji au mwenyekiti wa kijiji. Akishatupa yeye, wanafuata wadogo zake, kisha ukoo, na mwisho ndiyo majembe. Baba alipozikwa dada alitangulia, mimi nikafuata nikiwa nimeshika sketi yake. Mama alibakiwa na watoto wawili, yeye na mimi.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo pale Kumsenga, alikuwa na jibu jepesi. Alisema mimi ninayefuata nitupe kwa niaba ya dada, na mambo yaishe. Nilimpigia dada nikamwambia. Akaniuliza kama nitakula kwa niaba yake pia, na kulia kwa niaba yake. Alisema atatupa mwenyewe. Huko kwao kulikuwa na theluji, ardhi imekuwa ngumu haichimbiki, kwa hiyo alikwenda duka la maua akanunua udongo wa mfuko, akaumimina kwenye beseni sebuleni. Alitaka aone jeneza linashuka, asikie anaitwa, achote udongo na kuutupa kwenye beseni, kisha aandike neno moja chini ya picha: nimetupa. Mimi nilisome kwenye kipaza sauti, na wengine wafuate.

Udongo wa dukani. Mama angecheka hadi ashike mbavu. Lakini nilimwelewa dada, na nilijua naweza kulifanya jambo hilo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ninarusha laivu ibada za Jumapili na harusi, Kasulu na Kibondo, kwa ajili ya ndugu waliotawanyika duniani. Kwa hiyo nilimtazama baba mdogo machoni nikamwambia asiwe na wasiwasi, dada atakuwepo. Alitazama mawingu kwanza. Kisha akasema sawa, ila imfura asitucheleweshee kazi, mvua za siku hizi hazina adabu.

Watu huniuliza kwa nini nahangaika na kompyuta ya mezani wakati kila mtu ana simu. Nimeshachoka kueleza. Simu niliitumia msiba mmoja wa jirani, ikapata joto juani ikajizima yenyewe jeneza likiwa bado limefungwa kamba. Msiba mwingine mtu alinipigia katikati ya sala kuniuliza bei ya kupiga picha za pasipoti. Kompyuta ya mezani haipigiwi na mtu. Unaichomekea kamera kubwa kwa waya mrefu, unachanganya sauti ya kipaza na sauti ya kwaya, na yenyewe huku ikirusha inajihifadhia nakala ndani. Tatizo lake ni kuibeba. Siku ile nilikaa kiti cha nyuma cha gari lililofuata jeneza, nimepakata sipiyu iliyofungwa blanketi, na kila tulipoingia kwenye shimo niliibana kifuani. Mama alikuwa mbele yetu kwenye pikapu. Nilijikuta nina wasiwasi na mashine kuliko na yeye, na nikaona aibu.

Kumsenga nilipanga vitu vyangu chini ya turubai kando ya baraza. Meza ilikuwa ile ya mama ya kulia chakula. Jenereta niliipeleka nyuma ya migomba ili kelele zake zisiingie kwenye sala, rauta ya kuvuta mtandao nikaifunga juu ya mti mrefu wa kuanikia nguo. Kaburi lilichimbwa shambani, hatua chache kutoka pale, kando ya baba. Asubuhi hiyo kulipokuwa bado na watu wachache nilijaribu, picha ikatoka safi kama ya televisheni. Dada alikuwa wa kwanza kuandika. Alisema anauona mlango wa mama, na kwamba pazia ni lile lile.

Niseme ukweli, nilijiona bwana mkubwa. Shangazi zangu walikuja mmoja mmoja nyuma ya kiti changu kuangalia, wakishika midomo. Chini ya picha majina yalianza kuteremka: binamu wa Kanada, mtoto wa ubatizo wa mama aliyeko Australia, mabinti waliosoma na dada Mtabila ambao hatukujua kama wako hai. Waliandika pole, waliandika mwihangane, yaani vumilieni, wakaanza kusalimiana wao kwa wao. Shangazi mmoja aliona jina la mtoto wa dada yake akaanza kulia, si kwa ajili ya mama tena. Akatoka mbio kwenda kuwaambia wenzake kwamba watoto wao wote wamo humo ndani.

Hapo ndipo msiba wetu ulipoharibika, na mimi sikuliona.

Kumsenga ina mnara mmoja wa simu, upo kilimani, na siku za kawaida unatosha kwa sababu watu wako shambani. Siku ile kijiji kizima kilikuwa kwetu, na wageni kutoka Kibondo mjini na Kasulu. Habari ilipozunguka kwamba waliopotea wanaonekana kwenye laivu, kila mwenye simu kubwa aliifungua. Wasio nazo wakasimama begani kwa walio nazo. Watu wamesimama mita chache kutoka kaburini, na badala ya kutazama kaburi wanalitazama kwenye vioo, wakisubiri majina ya watoto wao yapite. Waliandika pia. Walituma picha, walituma sauti. Simu zote zile zilikuwa zinagombania mnara ule ule nilioutegemea mimi.

Ibada ilianza vizuri. Mchungaji alihubiri kwa kifupi, kwaya ya akina mama ikaimba, jeneza likatolewa barazani. Dada aliandika kwamba amevaa kitenge alichopewa na mama, amepiga magoti kando ya beseni. Nilimjibu asubiri, bado kidogo. Vijana wakapitisha kamba chini ya jeneza. Walipoanza kulishusha, alama ya mtandao kwenye monita ikageuka kuwa ya njano, halafu nyekundu. Kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Niliigusa rauta. Nikaizima nikaiwasha. Nilibadilisha laini, nikaweka ya kampuni nyingine, nayo ikasema hakuna kitu. Pale shambani jeneza lilifika chini, kamba zikavutwa, mchungaji akasema maneno ya mwisho. Nilikuwa namsikia kwenye vifaa vya masikioni, karibu sana, na hata pumzi yake nilikuwa naisikia. Akafunga kitabu. Akanyanyua uso akaniangalia mimi chini ya turubai, akauliza kama tulivyopanga:

"Imfura yupo?"

Watu wote wakageuka. Nilitazama kiduara kinazunguka. Kwa mara ya kwanza nikaona mikono ya watu imenyanyuliwa na simu ndani yake, mingi mno, wengine hadi juu ya ukuta wa choo, na nikaelewa. Nilichukua kipaza sauti nikawaomba wazime simu. Niliomba kistaarabu. Wakaziangalia, na wengi wakazishusha tu, wakazishika tumboni zikiwa zinaendelea kuwaka. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba yeye haongei na simu, anaangalia tu. Nikawaambia kuangalia ndiko kunakotumaliza. Hawakuelewa, na siwezi kuwalaumu. Wangeelewaje kwamba kumtazama mtu kunamzuia asionekane? Nikawaomba tena. Safari hii sikuwa mstaarabu. Niliwaambia dada yangu amepiga magoti peke yake kwenye nchi ya watu na wao wanamzibia njia kwa ajili ya kusalimiana. Kipaza sauti kilipiga yowe, watoto wakacheka, mchungaji akainamisha kichwa.

Wengine walizima kwa kweli. Nilisubiri. Kiduara kikaendelea.

Wingu lilikuwa limeshafika upande wa mashariki, na upepo ulianza kupiga turubai. Matone ya kwanza yaliangukia jeneza, niliyasikia masikioni mwangu, tap, tap, kwa sababu kipaza kilikuwa kimewekwa pale pale ukingoni. Shangazi akasema mama ataloa. Baba mdogo alikuja hadi mezani kwangu, taratibu, akaweka mkono juu ya monita kama anavyomwekea mtu mkono begani.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "njoo utupe wewe. Maji yakiingia mle ndani tutakuwa tumemfanyia nini mama yako?"

Nikamwambia aniache kidogo, inarudi. Akanisihi mara ya pili. Nikamwambia sibanduki hapa, nikibanduka ndiyo nimemwacha. Nilishikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. Sijui nilidhani atanivuta. Hakunivuta. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko kama angenigombeza, kisha akarudi kaburini. Nilimsikia akiwaambia watu kwamba imfura yuko mbali na wa pili amezidiwa, na Mungu anaona. Akainama, akachota udongo, akatupa.

Ule mlio bado ninao. Katika vifaa vile mlio wa udongo juu ya mbao unakuingia ndani ya kichwa. Wakafuata shangazi, wakafuata wajukuu wa ukoo, majembe yakaanza, na mimi nilikuwa bado nakodolea kiduara, nalia kwa hasira, nabonyeza kitufe kimoja tena na tena kama mwendawazimu. Mvua yenyewe ilipita pembeni. Ilinyesha dakika chache ikaenda zake bonde la pili, na jua likatoka. Hilo nalo sijalisamehe.

Watu walipokwisha kuweka maua na msalaba, wakaenda kunawa mikono na kukaa kwenye chakula. Simu zikaingia mifukoni, kwa sababu huwezi kushika simu na ugali. Mara mtandao ukarudi. Ulirudi wote, alama ya kijani, kama vile haukuwahi kuondoka. Yale maneno yaliyokuwa yamekwama huko yakamwagika kwenye monita, na nikatafuta ya dada tu.

Alikuwa ameandika: Mmeganda. Kisha: Naona kamba, siwaoni mkiendelea. Kisha: Nimeshika udongo, nisubirini. Na la mwisho, dakika chache kabla: Mkono umechoka ila udongo bado nimeushika.

Nilikaa nikisoma hayo. Nje wanaume walikuwa wanaomba maji ya kunywa. Kichwani nilikuwa natunga sentensi ya kumwambia na haikutungika; kila niliyoianza iliishia kwenye jembe. Ndipo nikakumbuka kwamba mashine haikuacha kurekodi hata kidogo. Mtandao ndio uliokufa, kamera haikufa. Kila kitu kilikuwa mle ndani, tangu kamba hadi msalaba.

Niliifungua ile nakala. Nilitafuta pale alipogandia dada, jeneza likiwa katikati ya kushuka. Nikatengeneza laivu mpya ya kufungwa, isiyoonekana na mtu mwingine, nikamtumia anwani yake peke yake. Nikamwandikia: Tumerudi, mtandao ulikata, mchungaji amekusubiri. Kisha nikaanza kumrushia yaliyokwisha kupita. Jeneza likafika chini. Kamba zikavutwa. Mchungaji akasema maneno yale yale, akafunga kitabu, akanyanyua uso, akauliza kama imfura yupo. Hapo nikasimamisha picha. Watu wakabaki wameinamisha vichwa. Waliosimama kaburini hawachezi sana, ukiwagandisha si rahisi mtu kutambua.

Picha humfikia kwa kuchelewa kidogo, hilo ni la kawaida. Nilisubiri nikiwa nimeshikilia panya wa kompyuta. Nilisikia sahani, nilisikia mtu anasifia maharage. Kisha neno likatokea chini ya picha.

Nimetupa.

Nilizima sauti. Niliruka pale ninapopiga kelele, nikaruka pale baba mdogo anaponijia mezani, nikaendelea na picha bila sauti: baba mdogo anainama, anachota, anatupa, shangazi wanafuata. Kwaya ilipoanza nikarudisha sauti. Nikamwacha aone mpaka msalaba unasimamishwa. Alipoandika asante, nilifunga kila kitu, nikaegemeza paji la uso kwenye meza ya mama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikahisi kwamba nimefanya kazi ya mtoto. Nilikuwa nimempa udongo wa kwanza. Kwa saa yake yeye, hakuna aliyemtangulia.

Akapiga simu. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya migomba, jenereta ikiwa imeshazimwa. Hakuwa analia. Aliniuliza kama watu walikuwa wengi, nikamwambia wengi sana. Akauliza kama mama alivishwa lile gauni la kijani, nikamwambia ndiyo. Alisema udongo wa dukani ni mwepesi, hauna harufu, na kwamba alipoutupa haukutoa mlio wowote. 

"Picha ya kaburi niliiona," akasema. "Wameituma kwenye kundi la familia. Ina maua na msalaba. Niliiona kabla hujaniambia mmerudi."

Nilimuuliza kwa nini basi alitupa. Alisema aliona nilivyohangaika, akaona aibu kunikatalia. Alisema pia kwamba alipomsikia mchungaji akimwita, magoti yake yalikuwa bado yako chini, na mkono bado una udongo, na hakujua kitu kingine cha kufanya nao. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alikuwa anaongea polepole, ananyoosha kila neno, kama alivyokuwa akiongea na mimi nikiwa na homa.

"Ila nilikutafuta kwenye picha," akasema. "Baada ya baba mdogo nilikutafuta wewe. Sikukuona. Ulitupa lini?"

Hadi aliponiuliza sikuwa nimeliwaza. Naapa sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Nilitazama mikono yangu na ilikuwa misafi, ina gundi kidogo ya kadi niliyobandua laini, hakuna udongo hata kwenye kucha. Nilimwambia sikutupa, nilikuwa kwenye kompyuta.

Nilisikia mlango wa kwake ukifunguliwa, mtoto wake akiuliza kitu kwa Kiingereza, naye hakumjibu.

"Kwa hiyo mama amezaa, amelea," akasema, "na amezikwa na shemeji yake."

Ndipo akaanza kulia. Niliiacha simu sikioni, na kutoka kule kwenye chakula shangazi alikuwa ananiita niende kunawa udongo mikononi, kwamba watoto wa marehemu ndio walitakiwa kutangulia.